Ukishinda kesi, wakili wako bado anakudai

Wiki hii tena mteja amekataa kulipa salio lake kwa sababu hukumu imesema mdaiwa atalipa gharama. Kwake yeye, sentensi hiyo imefuta deni lote baina yetu. Haya nimeyaeleza ofisini, kwenye korido za mahakama, hata harusini. Leo nayaandika.

Gharama ambazo mshindwa anaamriwa kulipa si ada uliyopatana na wakili wako. Kwa kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya, gharama humfuata mshindi, isipokuwa jaji aone sababu ya kuamua vingine. Kiasi chenyewe huamuliwa baadaye na naibu msajili, afisa wa mahakama anayekagua gharama, kwa bili ya gharama, yaani orodha ya kazi na matumizi yanayodaiwa. Bili ina safu tano: tarehe, nambari, maelezo ya kazi, kiasi kinachodaiwa, na ya tano huachwa tupu ili naibu msajili aandike anachokata. Umedai siku ambayo wakili hakufika mahakamani? Inakatwa. Umeshindwa kuthibitisha ulicholipa? Kinakatwa. Pesa nyingi zimo katika ada ya kupokea kesi, yaani malipo ya wakili kwa kuichukua na kuiendesha, inayofuata thamani ya kinachogombaniwa. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Joreth, wa 2002, ulisema thamani hiyo itafutwe kwenye hati za madai, hukumu au maafikiano; isipopatikana humo, naibu msajili atatumia busara yake.

Sasa linalonikera. Watu wanaamini viwango vya Agizo la Malipo ya Mawakili, kanuni zinazopanga ada zetu, vinamzuia wakili asitoze zaidi. La. Kati yako na wakili wako, hicho ndicho kiwango cha chini. Jedwali la 6 la Agizo hilo lina sehemu A, ya mshindi na mshindwa, na sehemu B, ya wakili na mteja wake. B ni A ukiongeza nusu yake. Tuseme naibu msajili amekubali ada ya 200,000 dhidi ya mpinzani wako. Kwa kesi hiyo hiyo, wakili wako anakudai angalau 300,000. Umeshinda, na 100,000 zinatoka mfukoni mwako, hata mpinzani akilipa yote bila kusumbua.

Usiniambie kuna wakili mwingine aliyekubali nusu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinakataza kutoza chini ya kiwango. Wala usiniambie tushinde kwanza ndipo unilipe: kifungu cha 46 kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa kesi ikishinda tu.

Je, sheria hii inamlinda mteja? Nina shaka. Katika kesi ya Premchand Raichand, mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema gharama zisipande hadi mahakama zibaki za matajiri, mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia, na malipo yavutie watu kwenye taaluma yetu. Nayataja maneno hayo mara kwa mara mbele ya naibu msajili, na kila mara naona yanavutana. Mjane anayegombania shamba lenye thamani kubwa hana pesa taslimu, ila ada inahesabiwa kwa bei ya shamba, hata kama kesi ni hati moja na mashahidi wawili. Kugombania malezi ya mtoto kunaweza kula miezi, na hakuna thamani ya kuhesabia. Kulipa kwa saa nako kungemnufaisha wakili mvivu. Sijaona mpango unaoniridhisha.

Ninachokiamini ni kwamba kesi ikiisha mapema ndipo gharama hupungua, kwa sababu kila kuahirishwa kunaongeza mstari kwenye bili. Kama dai lako halizidi shilingi 1,000,000, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujitetea mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Jambo la mwisho, kwa walio karibu kutia saini. Makubaliano halali ya ada yaliyoandikwa na kusainiwa huiondoa bili yako mikononi mwa naibu msajili. Ukiona yamekunyonya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinakuruhusu kuiomba mahakama iyatengue au iyabadilishe, ndani ya mwaka mmoja tangu yafanywe, au miezi mitatu tangu udaiwe kwa maandishi, itakayochelewa kati ya hizo. Soma kiasi, na soma kinalipia hatua gani. Kama rufaa haikutajwa, uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.