Sheria ya Wasali haikumnyima Jeanne taji

Wengi huamini wanawake walizuiwa kurithi ufalme wa Ufaransa na Sheria ya Wasali, sheria ya kale ya kabila la Wafranki, ya enzi za mfalme wao Clovis. Sivyo. Kifungu kinachotajwa kilihusu ardhi ya ukoo, wala hakikugusa taji.

Mfalme Louis X wa Ufaransa alifariki Juni 1316. Mwanawe Jean I, aliyezaliwa Novemba, aliishi siku chache tu. Akabaki binti, Jeanne, wa miaka minne hivi. Baba yake mdogo Philippe, aliyeshika madaraka kwa muda, akawahi kutawazwa Reims, mji wa kutawazia wafalme wa Ufaransa, Januari 1317, malango ya mji yakiwa yamefungwa na kulindwa. Februari ndipo mkutano wa Paris ukatamka kwamba mwanamke harithi: nguvu kwanza, hoja baadaye.

Sheria ya Wasali yenyewe ilitajwa na mtawa Richard Lescot wa abasia ya Saint-Denis mwaka 1358, miaka 30 baada ya Philippe mwingine, wa Valois, kuanza kutawala.