Mbwa asiyetoka getini naye huambukizwa

Wengi hapa Tanga, toka Ngamiani hadi Raskazone, huamini kwamba mbwa anayefungiwa uani hapati maradhi ya mbwa wa mitaani. Kuna ukweli kiasi: hakutani nao, hapigani nao. Ila kirusi cha parvo, kinachowaharisha damu watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi, na huingia ndani kwa kandambili za mgeni yeyote. Sabuni ya kawaida haikiui. Klorini ya kufulia nguo nyeupe, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, hukiua, mradi sakafu ioshwe kwanza.

Fungua kadi ya chanjo. Ikiwa imeandikwa kichaa cha mbwa pekee, parvo haimo. Muulize daktari wa mifugo. Watoto wa mbwa hurudiwa chanjo ya parvo mpaka wafikishe angalau wiki 16.