Baridi yabisi ya mbwa si jina jingine la uzee

Mbwa mzee akianza kuvuta mguu, hukumu hutolewa papo hapo: "Ana baridi yabisi huyo, uzee." Anatandikiwa gunia karibu na jiko, na habari yake inaishia hapo. Nimesikia maneno haya mara nyingi mno, na kila mara anayeumia ni kiumbe asiyeweza kusema kwamba anaumwa.

Maana yenyewe haina urefu. Baridi yabisi ni jina la jumla la maradhi ya viungo yanayoleta maumivu na kukakamaa. Kwa mbwa wenye umri mkubwa, linaloonekana zaidi ni kuchakaa kwa kiungo, ambako madaktari hukuita osteoathraitisi. Gegedu inayofunika ncha za mifupa hulika, ute wa kiungo hupoteza ulaini wake, utando unaokizunguka huvimba, na mfupa huota vinundu pembeni. Gegedu haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu hutoka kwenye utando na mfupa, tena mara nyingi wakati uharibifu umeshakwenda mbali.

Jina hili tulilipata kwa Waarabu, na yabisi ni kavu. Lilifika mwambao pamoja na ile tiba ya Wayunani iliyoendelezwa na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, tiba iliyopima mwili, chakula na dawa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Ndani ya elimu hiyo jina lilikuwa na kazi yake kamili: mgonjwa amezidiwa na ubaridi na ukavu, basi apewe vya moto na achuliwe kwa mafuta. Elimu imefifia, jina limebaki, na leo wengi wakilisikia wanafikiria sakafu ya saruji na upepo wa kipupwe. Ni kweli asubuhi ya baridi hukaza kiungo kilichokwisha kuumia, na mbwa wa Njombe au Limuru atalionyesha hilo wazi kuliko wa Tanga. Ila baridi haikuila gegedu. Mbwa wa Tanga naye anaugua ugonjwa huuhuu, katikati ya Februari.

Hilo la baridi naweza kulivumilia, maana gunia kavu ni jambo jema kwa mbwa yeyote. Nisiloweza kulivumilia ni hilo la uzee, kwa sababu likishatamkwa watu huacha kutafuta chanzo. Uzee hauchagui mguu mmoja wa nyuma ukaiacha mitatu. Miaka huongeza nafasi ya kuugua, lakini kiungo hiki mahususi kina kisa chake, na mara nyingi kisa hicho kilianza ujanani. Mbwa wa ulinzi aina ya German Shepherd, wanaopendwa sana mijini kwetu, wanajulikana kwa kurithi nyonga zenye kasoro: kichwa cha paja hakikai sawasawa katika tundu lake, na kila hatua inasugua. Mwingine alikatika kano ya goti akikimbia, au aligongwa na bodaboda, akaonekana amepona. Miaka baadaye goti lilelile linadai.

Unene nao huumiza viungo, na unene si uzee. Mwaka 2002 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walilishwa pungufu kwa robo kuliko ndugu zao wa uzao mmoja. Hao waliolishwa pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na walichelewa kwa takriban miaka mitatu kuhitaji matibabu ya viungo. Kwa hiyo anayemhurumia mbwa wake mzee kwa kumwongezea ugali na mabaki ya mafuta anamtwisha mzigo juu ya kiungo kinachouma. Huruma yake ingefaa zaidi kwenye kupunguza sahani.

Tena si kila kuchechemea ni baridi yabisi. Kuchechemea ni dalili tu. Ukanda wetu una kupe wa kahawia wa mbwa, anayeambukiza erlikia, na ugonjwa huo huweza kuvimbisha viungo, ukaja na homa, kukosa hamu ya kula, hata kutokwa damu puani. Huo hutibiwa kwa antibayotiki, na kuuita uzee ni kumwacha mbwa afe na dawa ipo. Kwa mbwa wakubwa wa umbo, uvimbe mgumu karibu na kifundo cha mguu wa mbele, bega au goti, pamoja na maumivu yanayozidi kila wiki, huenda ni saratani ya mfupa. Kiungo kilichochakaa huwa na mwendo mwingine: mbwa huamka amekakamaa, hatua za kwanza ni za shida, akitembea kidogo hulegea, na akichoshwa sana leo, kesho huzidiwa. Na kama mguu wa mbele ndio unaouma, mtazame kichwa: hukiinua kila anapoukanyaga mguu mbovu, na hukishusha anapoukanyaga mzima.

Kumtunza kunawezekana, na kunabadilisha maisha yake. Apungue uzito. Atembezwe mara kwa mara kwa mwendo mfupi, kwani mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa hupoteza misuli ya mapaja, na misuli ndiyo inayokibeba kiungo. Kucha zikatwe, na kwenye marumaru zinazoteleza atandikiwe mkeka. Dawa zipo pia, kama kaprofeni na meloksikamu, zinazotolewa na daktari wa mifugo kwa kipimo cha uzito wake, na vizuri apimwe kwanza damu kujua hali ya figo na ini. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa usimpe hata nusu kidonge: humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kinyesi cheusi kama lami ni dalili kwamba tayari anavuja damu ndani. Dawa za kuchua za binadamu pia ziache, maana atazilamba. Na kama amechomwa sindano ya deksamethasoni, daktari anayefuata ni lazima aambiwe, kwa kuwa haichanganywi na hizo dawa za maumivu.

Basi anayekuambia mbwa wako ana baridi yabisi, mkubalie, huenda amepatia jina. Muulize tu ni kiungo kipi, tangu lini, na je, mbwa huchechemea zaidi anapoamka au anaporudi matembezini. Majibu hayo matatu mpelekee daktari wa mifugo, pamoja na video fupi ya simu inayomwonyesha mbwa akitembea kwenye uwanja wa nyumbani, kwa sababu mbwa wengi wakifika kliniki hushikwa na woga wakaficha kabisa kwamba wanaumia.