Hewa ya kompresa si ya bure: dhana potofu kuhusu umeme unaopotea kiwandani

Dhana: Hewa haigharimu kitu.
Kinachogharimu ni kuibana kwa kompresa ili iendeshe mashine. Katika kila uniti 10 za umeme zinazoingia kwenye kompresa, takriban moja tu hufika kwenye mashine ikafanya kazi. Nyingi zinaishia kuwa joto. Tundu la milimita 3 kwenye hewa yenye presha ya baa 7 hukomba kilowati 3 hivi. Liache mwaka mzima usiku na mchana, zimekwenda uniti zaidi ya 26,000. Na tundu lenyewe utalikuta pale mpira unapoungana na bomba, limezungushiwa utepe, watu wa zamu wanapita wakisikia “sss” na wameshaizoea.

Dhana: Kupima kunataka vifaa ghali.
Anza na saa ya mkononi. Jumapili mashine zote zikiwa zimezimwa, washa kompresa peke yake. Hakuna anayetumia hewa, kwa hiyo kila inapojaza tangi inafidia kilichovuja. Andika dakika inazojaza na dakika inazopumzika. Ikijaza 2 na kupumzika 6, uvujaji ni 2 kati ya 8, yaani asilimia 25 ya uwezo wa kompresa. Mabomba yasiyotunzwa mara nyingi huwa kwenye asilimia 20 hadi 30. Kisha zunguka na maji ya sabuni na brashi. Panapotoa povu, funga kadi nyekundu yenye namba, na isitoke mpaka fundi azibe.

Dhana: Mashine ikilegea, ongeza presha.
Hapo unalisha matundu. Kila baa unayoongeza hula umeme zaidi kwa asilimia 6 au 7, na uvujaji unazidi. Ziba kwanza, halafu shusha presha kidogo kidogo ukiangalia mashine iliyo mbali zaidi na kompresa.

Dhana: Mbinu za Toyota za kupunguza upotevu kiwandani hazihusu umeme.
Ni kweli, Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alitaja aina 7 za upotevu na umeme haumo. (Kwa Kijapani upotevu huitwa *muda*, sisi tunalielewa neno hilo haraka kuliko wengi.) Lakini umeme umejificha ndani ya zote. Oveni ya mikate iliyowashwa mapema ikisubiri donge liumuke ni kusubiri kunakolipiwa bili. Bidhaa iliyoharibika ikarudiwa imekula umeme mara mbili.

Dhana: Mkaguzi akishapita, basi.
Kenya, kanuni za 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake ya nishati kila miaka 3. Mpira wa hewa unaweza kupasuka kesho yake. Jipimie mwenyewe kila mwezi, na namba iandikwe ubaoni pembeni ya kompresa, mahali wa zamu ya usiku wanaiona.