Je, wajua jinsi programu inavyojua vipimo vya picha kabla ya kuifungua?

Anayekusanya picha za majani ya mibuni huko Kibosho au Machame, juu ya mji wa Moshi, ili aifundishe kompyuta kutambua ugonjwa wa kutu ya majani, hupokea picha za simu za kila umbo. Modeli nyingi, yaani programu zinazojifunza kutokana na picha, hutaka picha za fungu moja zilingane upana na urefu, kwa hiyo ni lazima kwanza ijulikane kila picha ina vipimo gani.

Kuzifungua zote ili kuzipima ni gharama. Picha ya pikseli (vidoti vya rangi vinavyounda picha) 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na kwa kuwa kila pikseli huchukua baiti 3 za rangi, ikishafunguliwa hujaza baiti milioni 36 za kumbukumbu, hata kama faili lake ni dogo mara kadhaa.

Kumbe vipimo hivyo vimeandikwa ndani ya faili, kama uzito unavyoandikwa juu ya gunia la kahawa. Katika PNG, mojawapo ya aina za faili za picha, upana uko kwenye baiti ya 17 hadi ya 20, na urefu kwenye ya 21 hadi ya 24. Baiti 24 za mwanzo zinatosha. JPEG, aina nyingine ya faili za picha, haina mahali pamoja pa kudumu, hivyo programu huruka sehemu moja baada ya nyingine mpaka ikute alama ya baiti mbili kama FF C0, ambapo urefu hutangulia upana. Maktaba ya Pillow ya lugha ya Python husoma maelezo haya tu inapofungua faili, na pikseli huziacha hadi zitakapohitajika.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye simu. Mtu akiishika wima, kamera nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huongeza maelezo ya EXIF (taarifa za ziada zinazowekwa ndani ya faili) kwamba izungushwe wakati wa kuonyeshwa. Vipimo vilivyoandikwa husema 4000 kwa 3000, ilhali macho yanaona 3000 kwa 4000. Na visanduku alivyovichora mtu kuzunguka madoa ya kutu vitaangukia nje ya jani iwapo programu itapuuza maelezo hayo.

Katika TensorFlow, maktaba ya kufundishia modeli, mkondo wa data hupangwa kabla ya picha yoyote kusomwa, ndiyo maana ukiuliza umbo mapema unajibiwa None, yaani bado halijulikani. Vipimo halisi huulizwa kwa amri ya tf.shape wakati picha inapita, tena kabla haijapunguzwa kuwa, kwa mfano, pikseli 224 kwa 224, kwa sababu baada ya hapo vipimo vya awali havipatikani tena kwenye picha yenyewe.