Kwa nini kukaa bila mwenzi huwalemea wanaume kuliko wanawake?

Uliza watu nani anatamani zaidi mwenzi kati ya mwanamume na mwanamke walio singo, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza: mwanamke, nani mwingine? Yeye ndiye anayeulizwa kila penye sherehe "na wewe lini?", ilhali mwanamume anaachwa ale ujana wake. Ni picha ya zamani na imetulia vichwani. Kasoro yake ni kwamba wahusika wenyewe wakiulizwa, hujibu kinyume.

Oktoba 2019, kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wazima wa Marekani wasio na mwenzi kama wanamtafuta. Wanaume waliosema wanatafuta uhusiano, au japo mtoko tu, walikuwa asilimia 61. Wanawake walikuwa 38. Kwa waliotimiza miaka 40 na kuendelea pengo lilizidi kupanuka: asilimia 71 ya wanawake hawakuwa wakitafuta chochote, dhidi ya 42 ya wanaume. Kituo hichohicho kilikuwa kimeshawauliza, mwaka 2014, watu waliowahi kuwa kwenye ndoa kama wangerudi tena. Asilimia 54 ya wanawake walisema hawataki. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 30.

Kutotafuta, bila shaka, si sawa na kuridhika. Lakini mwaka 2024 Elaine Hoan na Geoff MacDonald wa Chuo Kikuu cha Toronto waliunganisha majibu ya karibu waseja 6,000 kutoka sampuli 10, na wanawake wakaongoza katika kuridhika na useja wao, kuridhika na maisha kwa jumla, na hata kuridhika na mambo ya faragha. Hamu yao ya kupata mwenzi ilikuwa ndogo zaidi. Tofauti hizo ni za wastani na si kubwa sana; wapo wanawake wengi wanaotamani ndoa na wanaume wengi wasioitaka. Ila mwelekeo ndio huo, na si ule wa kwenye sherehe.

Wapo pia wanaopitiliza upande wa pili. Mwaka 2019 Paul Dolan, profesa wa sayansi ya tabia wa London School of Economics, alitangaza kwamba wanawake wasioolewa na wasio na watoto ndio wenye furaha kuliko watu wote. Akaongeza kipande kitamu: wanawake walioolewa husema wana furaha mume akiwapo, ila akishatoka chumbani majibu hugeuka. Habari ikazunguka dunia. Kisha mwanauchumi wa Marekani, Gray Kimbrough, akaenda kuzisoma takwimu zenyewe. Mahojiano yalifanywa kwa simu, na kundi lililoandikwa kuwa mume "hayupo" halikuwa la wanawake ambao mume ametoka chumbani, bali la wanawake ambao mume haishi nyumbani humo. Huzuni ya wanawake wasioishi na waume zao ilikuwa imesomwa kama ukweli unaosemwa mume akigeuka. Dolan alikubali kosa, lakini habari ya kwanza hadi leo inasambazwa kwa furaha kuliko masahihisho yake.

Kwa hiyo tuwe waangalifu. Katika tafiti nyingi watu wenye wenzi, wake kwa waume, hutoa alama za juu kidogo za kuridhika kuliko waseja. Kinachopimwa hapa ni singo kwa singo.

Zamani hofu ya mwanamke kukaa bila mume ilikuwa na hesabu yake. Ajira na mali vilikuwa mikononi mwa wanaume, na hata sheria iliwatambua wao kwanza: Ufaransa mke alihitaji ridhaa ya mume kufungua akaunti ya benki hadi 1965, na Marekani sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika mikopo ilikuja 1974. Fungu hilo la sababu limepungua sana. Limebaki lingine, lisilo la fedha.

Fikiria watu wawili wanaoteka maji. Mmoja ana visima vinne, kila kimoja na maji ya kutosha. Mwingine hana hata kimoja. Ukiwaonyesha kisima kipya, wa kwanza atakikagua: kiko mbali? Kamba yake ni nzito? Akiona kinachosha, atakiacha, na usiku ule hatalala na kiu. Wa pili hana nafasi ya kukagua. Atakichukua, na kikikauka hana pa kwenda.

Maji hapa ni faraja: kusikilizwa, kuulizwa hali, kuwa na wa kumwambia lililokusibu. Katika uchunguzi uliofanyika Marekani mwaka 2021, asilimia 41 ya wanawake walisema rafiki aliwafariji au kuwatia moyo ndani ya wiki iliyopita. Wanaume walikuwa 21. Mwanamume wa kawaida hupeleka mazito yake kwa mwenzi, na asipokuwa na mwenzi hayapeleki popote. Iris Wahring wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, pamoja na wenzake, walipokusanya tafiti za miaka mingi walikuta alama zilezile kila upande: wanaume hutegemea zaidi uhusiano kwa faraja, na huumia zaidi unapovunjika. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alikuwa ameshaandika mwaka 1897 kwamba ndoa humkinga mume dhidi ya kujiua kuliko inavyomkinga mke.

Na kamba je? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa za kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa hufanywa na wanawake. Kisima kipya kwa mwanamke mara nyingi huja na ndoo za mtu mwingine.

Kuna anayeweza kusema haya ni ya sungura tu, sizitaki mbichi hizi: wanawake huishi miaka mingi zaidi, wanaume wa rika lao hupungua, basi hujifariji kwamba hawakuwataka. Kwa walio na umri mkubwa hoja hiyo ina uzito. Haielezi, hata hivyo, kwa nini wajane wa kiume huathirika zaidi kiafya kuliko wa kike. Hoja nzito zaidi ni kwamba takwimu hizi zimetoka hasa katika nchi tajiri za Magharibi. Pale ambapo mwanamke hupata ardhi au makazi kupitia mume, kisima hicho kina maji ambayo urafiki hautoi.

Pew iliporudia swali lake mwaka 2022, wanawake waliokuwa wakitafuta walikuwa asilimia 35, karibu palepale. Wanaume walikuwa wameshuka kutoka 61 hadi 50.