Kabla Hujalipa Kodi ya Potomac, Soma Jedwali Lote

“Kaka, tunahamia Maryland, Marekani, na kijana wetu wa miaka 15. Tumeona kwenye tovuti za kupima shule kwamba shule za Bethesda na Potomac zina alama kubwa, za Silver Spring ndogo. Ina maana Silver Spring hawafundishi?” Swali hili limerudi tena kwenye kundi letu la wazazi, na kabla sijashika simu watu walishajibu: jibaneni, mkapange Potomac. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za shule, na jibu hilo linaniudhi. Familia zinajiumiza kwa kodi ya nyumba zikifuata namba ambayo hakuna aliyekaa akaisoma.

Bethesda, Potomac na Silver Spring zote ziko kaunti ya Montgomery, na kaunti nzima ni wilaya moja ya elimu yenye wanafunzi zaidi ya 150,000. Bodi ni moja, mtaala mmoja, ngazi za mishahara ya walimu zilezile. Mwalimu hahamii Potomac kufuata mshahara mnono. Kinachotofautiana zaidi ni nani anayemudu kuishi jirani na shule.

Tanzania hili tunalielewa. Ilboru na Kibaha huchukua vijana waliokwisha kufaulu sana, kwa hiyo wakifaulu tena hakuna anayeshangaa. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023. Huku mchujo unafanywa na bei ya nyumba, halafu watu wanauita ubora wa shule.

Chukua shule mbili za mfano, kila moja wanafunzi 1,000. Ya kwanza ina 900 wa familia zenye uwezo, wanafaulu asilimia 80, na 100 wa kipato cha chini, asilimia 30. Wastani wake ni 75. Ya pili ina 300 wenye uwezo, wanafaulu asilimia 85, na 700 wa kipato cha chini, asilimia 45. Wastani wake ni 57. Shule ya pili imewashinda wenzake katika makundi yote mawili, na bado mtandaoni itaonekana dhaifu. Rudia hesabu mwenyewe kwa karatasi kama huniamini.

Kinachonikera kuliko vyote, kwenye jedwali la matokeo ya shule, ni safu ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Mzazi anaona ufaulu umelala chini, anahitimisha kwamba shule imewatelekeza wageni. Tazama basi safu hiyo inavyojazwa. Mtoto anaingia humo kwa sababu Kiingereza bado kinamshinda. Kila mwaka anapimwa kwa WIDA, mtihani wa Kiingereza, na akifikia kiwango anatolewa. Sheria ya elimu ya Marekani ya 2015 inaruhusu jimbo kuendelea kumhesabu hadi miaka minne. Baada ya hapo hayumo tena. Waliofanikiwa wanatoka, waliofika juzi wanaingia. Shule ikiwafundisha upesi, safu inabaki na wageni watupu na inazidi kuonekana mbaya! Ulizia waliokwisha kutoka humo wanafanyaje leo. Hapo ndipo utaijua shule.

Safu ya “Weusi” nayo ina yake. Humo yumo mtoto wa daktari Mkenya aliyesoma shule ya kulipia Nairobi, yumo Mmarekani Mweusi ambaye ukoo wake uko Maryland vizazi na vizazi, na yumo kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wastani wa watatu hawa haumwelezi hata mmoja wao. Na huyo kijana akihamia kwa mjomba wake Ohio, shule ya zamani isipopata karatasi rasmi kwamba ameandikishwa huko, anahesabiwa kuwa ameacha shule. Nimeketi na orodha hizo: jina, tarehe ya mwisho ya kuhudhuria, na nafasi tupu panapotakiwa jina la shule mpya.

Wastani hudanganya hata kwa kupandisha. Sekondari ya Montgomery Blair, hapo hapo Silver Spring, ina mchepuo wa sayansi na hisabati wa kuingia kwa ushindani tangu 1985. Vijana hao wanaubeba wastani wa shule nzima, na mwanao asipochaguliwa, usiutegemee.

Sasa yanayonisumbua mimi mwenyewe. Tunawashauri wazazi watazame maendeleo ya mtoto mwaka hadi mwaka, na mtafiti Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwamba maendeleo hayo hayafungamani sana na kipato cha wazazi kama alama zenyewe zinavyofungamana. Lakini vipimo vyake ni vya darasa la 3 hadi la 8. Sekondari mitihani ya jimbo ni michache, na ushauri wetu unakatika pale pale mzazi anapouhitaji.

Halafu kuna utafiti wa Heather Schwartz wa 2010, uliofanyika kaunti hii hii. Aliwafuatilia watoto wa nyumba za serikali, ambao familia zao zilipangiwa makazi kwa bahati nasibu. Waliosoma shule za msingi zenye maskini wachache waliwapita wenzao, ingawa kaunti ilitumia fedha nyingi zaidi kwa shule za wenzao hao. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba majirani hawana maana. Ila wale walikuwa watoto wadogo, na faida ilijijenga kwa miaka kadhaa. Wewe unamhamisha kijana wa miaka 15 aliyebakiza miaka mitatu amalize. Sina ushahidi wa kukuahidi hivyo hivyo.

Kabla hujatia saini mkataba wa nyumba, nenda shuleni ukamwone mshauri wa wanafunzi. Muulize: aliyeanzia darasa la Kiingereza cha wageni, anaruhusiwa lini kuingia masomo ya AP, yale ya sekondari yenye kiwango cha chuo? Wangapi wa namna hiyo wako humo mwaka huu? Mshauri mzuri ataifungua kompyuta yake akuonyeshe. Akianza kukusomea alama ya tovuti, nenda shule inayofuata.